Kisu cha springi: namna ya kukigumisha uani kwa mkaa wa miwati na mafuta ya alizeti

Mtu akiniletea kisu na malalamiko kwamba hakikai makali, sikimbilii jiwe la kunolea. Nachukua tupa na kukwangua makali mara moja. Tupa ikila chuma bila shida, namrudishia mwenyewe kisu chake, maana hata nikikinoa asubuhi, mchana atakuwa anaponda nyanya badala ya kuzikata. Mara nyingi ni kisu kizuri kwa macho: kimechongwa vizuri, kimepigwa msasa, kina mpini wa mninga. Kilichokosekana ni moto wa mwisho.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Makambako. Mageti na madirisha ndiyo yanayolipa ada za watoto. Visu natengenezea wauza nyama, mama lishe, na yeyote aliyechoka kununua kisu kipya kila baada ya miezi miwili. Ninavyofanya ni kazi ya uani: mkaa, sumaku, mafuta ya kupikia na sufuria ya mchanga. Na jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo vijana wengi hawalishiki: visu haviharibikii kwenye mafuta. Huharibikia motoni kabla ya mafuta, kwa sababu fundi anapenda kuona chuma kikiwaka.

Chuma cha kutumia

Barabara ya Tunduma inapita hapa, ya Njombe na Songea inaanzia hapa, na malori ya Zambia na Kongo hayakatiki usiku na mchana. Springi zao zinavunjika, na kwa mafundi springi utakuta mabamba yamerundikwa yakisubiri watu wa skrepa. Huko Ludewa tuna mlima mzima wa chuma pale Liganga, na Wafipa wa Rukwa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye malungu, yale matanuri yao marefu ya udongo, zamani sana kabla reli haijafika. Chuma changu mimi kinatoka chini ya lori, na sioni aibu.

Springi inafaa kwa sababu ina kaboni ya kutosha, karibu asilimia 0.6, pamoja na manganizi na kromiamu au silikoni kidogo. Kaboni ndiyo inayowezesha chuma kugumika. Nondo na zile pembe tunazochomelea madirisha zina kaboni ndogo. Zipashe utakavyo, zichovye utakavyo, zitatoka laini vilevile. Tupa kuukuu nayo ni chuma kizuri, kaboni yake hufika asilimia 1 na kupita, lakini ina hasira: inataka kupoa haraka zaidi, na hupasuka kirahisi. Tena kuna tupa za bei rahisi ambazo ni ngumu juu tu, ndani ni chuma cha kawaida. Anza na springi.

Chagua bamba jembamba, la pikapu kuliko la semi, unene wa milimita 6 hadi 8. Sehemu ya katikati yenye tundu la bolti iache, maana huko ndiko springi huchokea, na ufa mdogo usioonekana leo utafunguka siku ya kuchovya. Osha kwa mafuta ya taa, piga msasa, ligeuze juani uangalie vizuri. Fundi springi akiwa na kipande kilichobaki cha springi mpya, ongeza hela uchukue hicho.

Kabla hujapoteza siku kuchonga, kata kipande cha urefu wa kidole ukijaribu. Kipashe hadi sumaku isikishike (chuma kikipata moto wa kutosha huacha kushikwa na sumaku), kichovye kwenye mafuta, kikipoa kibane kwenye jiliwa na kukifunika kitambaa, halafu kigonge nyundo ukiwa umevaa miwani. Kikipinda, si chuma cha kisu. Kikivunjika kwa mlio, umepata, na palipovunjika patazame vizuri juani: pakiwa pa kijivu, laini, pasipometa, moto wako ulikuwa sawa. Pakiwa na chembe zinazometameta kama chumvi ya mawe, ulipitiliza joto. Chembe hizo ndizo zinazofanya kisu kimeguke kikigusa mfupa, na huwezi kuziona kwenye kisu kizima. Kwa hiyo kipande hiki kidogo ndicho mwalimu wako. Vunja viwili vitatu hadi jicho lizoee.

Springi ikiwa bado na ugumu wa kiwandani, diski za grainda zitakwisha haraka. Ipashe hadi sumaku iachie, ifukie kwenye ndoo ya majivu makavu, iache humo hadi asubuhi. Itatoka imelainika, na tupa itaila.

Uchongaji wenyewe siuelezi hapa, ila mambo manne yanahusu moto. Makali usiyamalize: yaache na unene wa milimita 1.5 hivi, kwa sababu makali membamba hupata moto kabla ya mgongo, huungua kaboni yake, na hupinda. Matundu ya mpini yatoboe sasa, baadaye drili haitaingia. Pale bapa linapokutana na mkia wa mpini usiache kona kali, pazungushe kwa tupa ya mviringo. Ufa hupenda kona. Na mikwaruzo ya msasa iende kwa urefu wa kisu, isikatishe.

Jiko

Natumia ngoma ya breki ya lori iliyotupwa. Ndani nimeikandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, chini nimeingiza bomba la upepo, na upepo unatoka kwenye drai ya nywele kuukuu niliyoinunua saluni, ikiwa kwenye hewa ya baridi. Umeme ukikatika, kijana wangu anageuza gurudumu la baiskeli lenye mkanda unaozungusha feni. Asiye na ngoma ya breki achimbe shimo la kina cha viganja viwili, alipange tofali za kuchoma. Chuma hakitajua tofauti.

Mabomba yote yawe meusi ya kawaida. Bomba la maji lililopakwa zinki likipata moto hutoa moshi mweupe ambao fundi yeyote wa kuchomelea anaujua: usiku unatetemeka kwa homa. Usilitumie motoni hata kwa dakika moja.

Mkaa wa miwati ndio ninaoupenda. Huku kwetu Njombe miwati ipo kwa wingi kwa sababu ya yale mashamba ya magome ya kutengenezea dawa ya kusindikia ngozi, na mkaa wake ni mzito, hauruki cheche sana, unakaa. Mkaa wa misindano kutoka upande wa Mafinga unawaka upesi na kuisha upesi; unafaa ukikosa mwingine, ila utakuwa unaongeza kila mara. Makaa ya mawe ya Kiwira yana joto kubwa mno kwa anayeanza, yana moshi, na salfa yake si rafiki wa chuma. Vyovyote iwavyo, vunja mkaa vipande vidogo vya sentimita 3 hivi. Mapande makubwa yanaacha nafasi za hewa na kisu kinapata joto la madoa.

Ukitaka joto lienee bila kubahatisha, laza kipande cha bomba jeusi katikati ya mkaa, pana kiasi cha kuingiza kisu, na kisu ukipashe humo ndani. Mkaa haugusi bapa, upepo haulipigi moja kwa moja, na unaona rangi yote kuanzia ncha hadi shingo. Kwangu, hicho kipande cha bomba kina thamani kuliko drai.

Kazi hii ifanyike nje. Najua baridi ya Juni na Julai huku ilivyo, na najua watu wanavyoingiza jiko ndani. Mkaa unaowaka ndani unatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Kaa nje, vaa koti. Upepo wa Makambako ukinge kwa mabati mawili yaliyosimamishwa, kwa sababu utapoza kisu upande mmoja na kukipinda.

Na ifanyike jioni, kuanzia saa kumi na mbili, jua likishazama nyuma ya nyumba. Mchana rangi ya chuma inadanganya: chuma kinachoonekana chekundu kidogo juani, kivulini kimeshafika rangi ya chungwa. Fundi anayegumisha visu saa saba mchana anafanya kazi akiwa amefumba macho.

Kukipumzisha chuma

Ukishachonga kwa grainda, ukagonga kwa nyundo, ukapasha upande huu na ule, chuma kina mivutano ndani yake. Ukikichovya hivyohivyo kitapinda. Kwa hiyo kabla ya mafuta nakipasha mara tatu na kukiacha kipoe hewani. Mara ya kwanza hadi sumaku iachie na kupita kidogo. Nakitoa, nakining'iniza kwa waya nyuma ya mabati, nangoja hadi kiwe cheusi na sumaku ikishike tena. Mara ya pili joto pungufu kidogo, mara ya tatu hadi sumaku inapoanza tu kuachia. Usikilaze kwenye saruji wala ardhi yenye unyevu; kipoe pande zote sawa.

Watu huruka hatua hii kwa sababu haionyeshi kitu. Ninaiheshimu kuliko kuchovya kwenyewe. Hapa ndipo zile chembe kubwa hurudi kuwa ndogo, na hapa ndipo unapata mazoezi ya bure ya kusoma rangi.

Kivuli ndani ya chuma

Sumaku yangu nimeitoa kwenye spika mbovu ya redio, nimeifunga kwenye mguu wa waya mrefu. Chuma cha kisu huacha kushikwa na sumaku kwenye joto la karibu nyuzi 770. Springi inataka kupita hapo kidogo, karibu 830, ili kaboni iyeyuke na kuenea ndani ya chuma. Kwa macho ya jioni, ni kutoka nyekundu iliyokolea hadi nyekundu inayoanza kuelekea chungwa. Ikishakuwa chungwa kamili, umevuka. Ikiwa ya manjano, tupa kisu hicho kwenye skrepa au kirudishe kwenye kupumzisha mara tatu upya.

Lakini kuna alama bora kuliko sumaku, na haigharimu kitu. Punguza upepo, pasha taratibu, tazama bapa ndani ya bomba bila kutoa jicho. Chuma kinapanda kutoka cheusi, kinakuwa chekundu hafifu, kisha ghafla kinaonekana kama kimekwama. Sehemu nyembamba karibu na makali zinang'aa, ila katikati kunabaki kivuli cheusi chenye kingo zisizotulia, kinachotembea. Kinasogea kuelekea mgongo, kinajikunja karibu na shingo palipo na unene, kinapungua, kinatoweka. Hicho kivuli ni mahali ambapo chuma kinabadilisha mpangilio wake wa ndani, na mabadiliko hayo yanakula joto, ndiyo maana pale hapapandi rangi ingawa moto ni uleule. Kivuli kikiisha kote, bapa zima lina rangi moja tulivu. Hapo hesabu kama dakika moja au mbili, moto ule ule, bila kuongeza.

Kijana wangu kila mara huuliza, "Fundi, niongeze upepo?" Jibu ni lilelile: hapana. Kivuli kisipotaka kutoka upande wa shingo, sogeza kisu ndani, usiongeze moto. Ncha ndiyo inayoungua kwanza kwa sababu ni nyembamba, kwa hiyo ncha ipitishe upande wa pili wa bomba, nje ya moto, mpaka shingo ifike.

Ukitaka kuthibitisha ulichokiona, wakati wa kupumzisha toa kisu na ukitazame kikipoa gizani. Kitafifia, kisha pale kati kitajiwasha chenyewe kidogo, kiwe na mwanga zaidi ya sekunde iliyopita, halafu kifie moja kwa moja. Ni mabadiliko yaleyale yakirudi nyuma na kuachia joto lililoliwa. Nimewaonyesha watoto wa jirani, wakadhani ni mazingaombwe.

Mafuta

Alizeti ya kawaida ya kupikia inatosha, hata ile isiyosafishwa yenye harufu. Lita 4 au 5 kwa kisu kimoja. Mafuta machache yatapata joto na kuchelewa kupoza. Oili chafu ya injini usiitumie: moshi wake una sumu na metali za injini, na yenyewe haiigumishi springi vizuri kuliko alizeti. Maji usiyajaribu kwa springi. Yanapoza kwa ghafla mno, na utasikia "ting" ndogo ambayo hutaisahau, ndiyo sauti ya ufa.

Chombo kiwe cha chuma na kirefu kuliko bapa. Nimechomelea kitako kwenye bomba pana lenye urefu wa sentimita 35, nikalisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga lisianguke. Ndoo ya plastiki hapana. Kifuniko cha bati kiwe mkononi au karibu kabisa, maana mafuta yanaweza kushika moto pale kisu kinapoingia. Yakishika, funika. Usimwage maji, hata kidogo: maji hugeuka mvuke chini ya mafuta na kurusha moto usoni.

Mafuta yawe na joto la nyuzi 50 hadi 60. Wengi hushangaa, wanadhani mafuta baridi yanapoza zaidi. Ya baridi ni mazito, hayatiririki kuzunguka bapa, na Julai huku kwetu ni mazito kweli. Pasha kipande cha nondo kiwe chekundu, koroga nacho mafuta, kisha gusa bomba kwa nje: uweze kulishika kwa sekunde chache tu kabla ya kuachia. Kipimajoto ni bora. Ukitaka kukihakiki kwa maji yanayochemka, kumbuka huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100, kwa sababu ya mwinuko, usikilaumu kipimajoto.

Chombo kiwe hatua moja kutoka jikoni. Kisu kikishatulia rangi, kitoe na ukiingize moja kwa moja, ncha kwanza, wima, bila kusita. Kati ya moto na mafuta usikitazame, usiongee na mtu. Kikiwa ndani kisogeze juu na chini, au mbele na nyuma kwa mwelekeo wa makali, kamwe usikiyumbishe kushoto na kulia, maana upande mmoja ukipoa mbele ya mwingine kisu kitajikunja. Hesabu hadi kumi taratibu, kitoe, kiangalie kwa kukilenga kwenye mwanga. Kikiwa kimepinda kidogo, una sekunde chache tu, kikiwa bado cha moto wa kutoa moshi, kukinyoosha kwa mikono yenye glavu za ngozi juu ya ubao. Kikishapoa kiasi cha kushikika, usikiguse kwa nguvu yoyote. Sasa hivi ni kigumu na chepesi kuvunjika. Kikianguka kwenye saruji kinaweza kuwa vipande viwili.

Tupa inarudi hapa. Futa mafuta, kwangua makali. Tupa iteleze na kulia bila kung'ata. Iking'ata kidogo, endelea mipigo miwili mitatu, kwa sababu ngozi ya juu huwa imepoteza kaboni motoni. Chini yake iteleze. Ikiendelea kula hadi ndani, kisu hakikugumika: ama joto halikufika, ama ulichelewa njiani. Kirudishe kwenye kupumzisha na uanze upya.

Kukipunguza ugumu

Usilale kabla ya hatua hii. Kisu kilichotoka mafutani kina mvutano mkubwa, na kuna vilivyopasuka vyenyewe usiku vikiwa mezani. Kikipoa kiasi cha kushikika mkononi, kisafishe kwa msasa hadi king'ae upande mmoja, kisha kiende kwenye joto la pili.

Mwenye oveni ya umeme aiweke nyuzi 200, saa mbili, akitoe kipoe, arudie saa mbili tena. Ila vitufe vya oveni nyingi husema hiki wakati ndani kuna kingine, na watu wengi hawana oveni. Mimi natumia sufuria nzito kuukuu, mchanga mkavu wa mtoni wa sentimita 5 chini, kisu juu ya mchanga, kifuniko kizito, mkaa kidogo chini na mkaa kidogo juu ya kifuniko, vilevile wanavyooka keki nyumbani. Kazi ni kujua joto la humo ndani, na hapa fundi redio anakusaidia kuliko fundi chuma.

Ile waya ya kuchomelea redio tunayoiita risasi, ya mchanganyiko wa bati na madini ya risasi 60 kwa 40, huanza kuyeyuka nyuzi 183 na huwa maji kabisa kufikia kama 190. Ile nyingine isiyo na madini ya risasi, iliyoandikwa Sn99.3 au SAC, huanza kuyeyuka nyuzi 217 au zaidi. Weka kipande cha kila moja kwenye kizibo chake cha soda, vizibo viwili kando ya kisu juu ya mchanga. Ya kwanza ikiwa imeyeyuka na ya pili ikiwa bado nzima, uko pazuri kabisa kwa kisu cha jikoni. Ya pili ikianza kulegea, ondoa mkaa wa juu. Ya kwanza ikiganda, ongeza. Usichukue ile pasti ya fundi simu bila kuuliza, kuna aina inayoyeyuka nyuzi 138 na itakudanganya. Sufuria hiyo isirudi kupikia chakula tena, na nawa mikono. Risasi ni sumu.

Shikilia hapo saa mbili, poza, rudia. Upande uliosafishwa utaonyesha rangi: manjano hafifu, kisha dhahabu, kisha kahawia, zambarau, bluu. Rangi ni msaada lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu inakolea kadiri muda unavyokwenda. Kisu kilichokaa saa mbili kwenye nyuzi 200 kitakuwa na rangi nzito kuliko kilichopita hapo kwa dakika tano.

Kiasi cha kupunguza kinategemea kazi. Mama mmoja muuza kitimoto hapa mjini aliniambia, "Fundi, mimi sitaki chenye kunyoa ndevu, nataka kisichomeguka kwenye mbavu." Chake nilikipeleka hadi risasi ya pili ikayeyuka, rangi ikaelekea kahawia iliyokolea, karibu nyuzi 240. Kinataka kunolewa mara nyingi zaidi, lakini hakimeguki. Cha kukata minofu na mboga kibaki chini ya 217. Panga la kufyekea lipande hadi zambarau.

Ukitaka mgongo uwe na unyumbufu huku makali yakibaki magumu, laza makali ndani ya maji ya kina cha sentimita moja kwenye sinia, kisha pitisha pande la chuma chekundu kwenye mgongo hadi bluu itokee na kushuka. Bluu isikaribie maji. Hii naifanya kwa visu virefu tu. Kwa cha sentimita 12 ni kujichosha.

Kunoa na kujaribu

Grainda sasa ni hatari kuliko moto wote uliopita. Makali membamba hupata joto kwa kufumba na kufumbua, na alama ya bluu ikitokea hata sehemu ya kucha, ugumu pale umekwenda na huwezi kuurudisha kwa msasa. Shika kisu kwa mkono mtupu ili vidole vikuambie, chovya maji kila mpitisho, na sehemu ya mwisho imalize kwa mkono kwenye jiwe.

Kisha jaribu kwa fimbo ya shaba ya mviringo, nene kama penseli. Ibane kwenye jiliwa, laza makali juu yake kwa mwinuko uleule wa kunolea, bonyeza kidogo, vuta ukitazama dhidi ya mwanga. Utaona makali yakijikunja kidogo yanapopita juu ya fimbo. Yakirudi yalivyokuwa, umemaliza. Yakimeguka, rudisha kwenye mchanga kwa joto la nyuzi 10 au 15 zaidi, saa mbili. Yakibaki yamepinda, ama umeyafanya membamba mno ama kisu ni laini. Noa upya kwa mwinuko mkubwa kidogo ujaribu, na yakipinda tena ujue ni kurudi jikoni, kupumzisha mara tatu na kuchovya upya.

Chuma hiki kinashika kutu, kwa hiyo mteja mwambie akifute na kukipaka mafuta kidogo akimaliza kazi, asikilaze kwenye beseni la maji. Mafuta ya alizeti yaliyobaki yachuje kwa kitambaa yakishapoa, yafae kisu kijacho. Yaweke kwenye dumu tofauti, liandikwe kwa rangi nyekundu, lisikae karibu na jikoni. Rangi yake haina tofauti kubwa na ya kukaangia vitumbua.